Kampasi ya ofisi Nairobi: anza na jua, upepo na geti la waenda kwa miguu

Makosa makubwa ya kampasi ya ofisi hufanywa kwenye karatasi, mwezi wa kwanza, kabla jembe halijagusa udongo. Jengo linaelekezwa upande mbaya, orofa zinapewa upana kupita kiasi, nusu ya kiwanja inaachiwa magari. Ukishafika hapo, paneli za sola na maua ya kwenye paa ni mapambo tu. Nairobi ina bahati: hali ya hewa yake inaruhusu watu kufanya kazi ofisini mwaka mzima bila kiyoyozi, na umeme wa gridi kwa sehemu kubwa unatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo. Kwa hiyo hapa kwetu uharibifu wa mazingira haumo sana kwenye taa. Umo kwenye saruji na chuma, dizeli ya jenereta, maji, na safari ya kila siku ya kuja kazini. Nguvu na pesa zielekezwe huko kwanza.

Ili hesabu zisielee hewani, tuseme shirika lina watu 600 na kiwanja cha ekari 3, yaani karibu mita za mraba 12,140.

Hesabu watu, kisha magari

Kabla ya kumwita msanifu majengo, tumia wiki mbili kuhesabu. Viti vingapi vina watu saa nne asubuhi, na vingapi saa tisa alasiri? Nani anashuka matatu, kituo gani, na anatembea umbali gani? Wanakula wapi? Askari, wasafishaji, madereva na wapishi nao wahesabiwe. Wengi wao wameajiriwa na kampuni za nje, kwa hiyo hawamo kwenye orodha ya idara ya wafanyakazi, na ndiyo maana michoro mingi huwasahau hadi siku ya kuhamia.

Tuseme hesabu imeonyesha kwamba watu 420 ndio wengi zaidi wanaokuwepo kwa wakati mmoja. Wape mita za mraba 10 kila mmoja, unapata 4,200. Ongeza vyumba vya mikutano, kantini, ngazi, vyoo na korido, utafika kati ya 6,500 na 7,000. Kujenga kwa ajili ya watu 600 wakati wanaokuja ni 420 ni kumwaga zege lisilokalika, na hakuna teknolojia ya kijani inayolipa deni hilo.

Sasa magari. Nafasi moja ya kuegesha, pamoja na njia ya kuifikia, inakula mita za mraba 25 hadi 30. Magari 200 yatachukua 5,000 hadi 6,000, karibu nusu ya kiwanja chetu. Ukiyapeleka chini ya ardhi, unapasua mwamba na kununua zege na nondo nyingi, kisha unalipia feni na pampu maisha yote ya jengo. Weka kikomo mapema, kwa mfano nafasi 80, na utangulize watu wenye ulemavu, magari ya pamoja na wageni. Pesa zilizookolewa zinunue basi la wafanyakazi la asubuhi na jioni, bafu nne kwa wanaokuja na baiskeli, na njia nzuri ya kutembea hadi stejini. Kiwanja kilicho zaidi ya mita 500 kutoka steji ya matatu kina bei rahisi kwa sababu. Sababu hiyo wataibeba wafanyakazi wako kwa miguu, kwenye matope ya Aprili.

Jua: upande wa kusini ndio mkali

Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri linakaribia utosi mwaka mzima, likiegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Kuta zinazotazama kaskazini na kusini ni rahisi kuzitilia kivuli. Zinazotazama mashariki na magharibi hupigwa na jua la mlalo asubuhi na jioni, na hakuna kingo ya juu, yaani kivuli kinachotokeza juu ya dirisha, inayolizuia. Kwa hiyo urefu wa jengo ulale mashariki hadi magharibi, na ncha zake mbili zifungwe kwa ngazi, vyoo, stoo na lifti.

Hapa ndipo michoro ya kunakili huumbuka. Vitabu vya Ulaya vinasema jua la kusini ni la msimu wa baridi, likaribishwe ndani. Kwetu ni kinyume. Upande wa kusini hupigwa na jua kuanzia mwisho wa Septemba hadi katikati ya Machi, ndani yake ikiwamo Januari na Februari, miezi ya joto. Upande wa kaskazini hupigwa Juni na Julai, wakati watu wanavaa sweta na mawingu hayaondoki. Basi kwa dirisha la urefu wa mita 1.5, kingo ya kusini itokeze sentimita 85 hadi 90, ambazo zinatosha kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri mwezi Desemba. Ya kaskazini sentimita 70 inatosha, kwani inazuia jua la adhuhuri la Juni na kuacha miale michache ya asubuhi iingie kupasha chumba.

Ukuta wa vioo kutoka sakafu hadi dari haufai hapa, hata vioo viwe vya rangi. Kioo cheusi kinapunguza mwanga kuliko kinavyopunguza joto, watu wanashusha mapazia, wanawasha taa saa sita mchana, na bili ya kiyoyozi inabaki palepale. Madirisha yachukue theluthi moja hadi asilimia 40 ya ukuta, na sehemu yake ya juu ifike karibu na dari, kwa sababu mwanga wa mchana huingia chumbani takriban mara mbili ya urefu huo.

Upepo na jiwe

Kanuni rahisi ya kukadiria ni hii: chumba chenye madirisha pande mbili hupitisha hewa vizuri kikiwa na kina kisichozidi mara tano ya urefu wa dari, na chenye madirisha upande mmoja kisizidi mara mbili na nusu. Dari ya mita 3 inakupa upana wa mita 15 kwa juu kabisa. Chagua 13. Kwa mfano wetu, majengo matatu ya mita 13 kwa 45, orofa nne kila moja, yanatoa mita za mraba 7,020 na kufunika chini ya asilimia 15 ya kiwanja. Yaache mita 15 kati yake, nyua hizo ziwe na miti na viti, na uyaunganishe kwa varanda zilizoezekwa.

Upepo wa Nairobi hutoka mashariki kwa sehemu kubwa ya mwaka, maana yake unateleza sambamba na kuta zako ndefu. Madirisha ya kuteleza hayataukamata. Tumia ya bawaba za ubavuni, yafunguke ili bawa lisimame dhidi ya upepo na kuusukuma ndani. Sehemu inayofunguka iwe angalau asilimia 5 ya eneo la sakafu, na kila dirisha liwe na sehemu ya juu inayofunguka peke yake.

Sehemu hiyo ya juu ndiyo kiini cha mfumo mzima. Usiku wa Nairobi hupoa kwa digrii 10 au zaidi kuliko mchana. Ukiacha hewa hiyo ipite usiku juu ya dari ya zege iliyo wazi na kuta za mawe, vitu hivyo vinapoa na kunywa joto la mchana unaofuata. Kinachoua mpango huu ni askari wa zamu kufunga kila kitu saa kumi na mbili jioni, na hana makosa, kwani ameambiwa alinde vifaa. Kwa hiyo sehemu ya juu iwe na luva (mabapa yaliyoinamishwa), wavu wa wadudu na vyuma ndani yake, ili ibaki wazi usiku bila mtu kuingia na bila mvua ya kuinamia kulowesha meza. Usiifunike dari kwa bodi za mapambo. Kama sauti inavuma, ning'iniza vipande vya kufyonza sauti vinavyofunika nusu tu ya dari. Feni za dari za wati 60 hivi zitamaliza joto la zile wiki chache za Februari na Machi, na kiyoyozi kibaki cha chumba cha seva na ukumbi mkubwa.

Wanaodhani hili ni ndoto waende Gigiri. Jengo la ofisi za UNEP na UN-Habitat, mashirika ya Umoja wa Mataifa, lililofunguliwa mwaka 2011, kwa ajili ya watu 1,200 hivi, linapitisha hewa na mwanga kupitia nyua za ndani zilizoezekwa, na juu yake kuna mita za mraba 6,000 za paneli za sola.

Udongo, mawe, saruji

Chimba mashimo ya majaribio angalau mawili kwa kila jengo kabla ya kununua, si baada. Upande wa Lang'ata, Embakasi na Mlolongo utakuta udongo mweusi wa pamba, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Uondolewe wote chini ya jengo hadi ufikie mwamba au murami imara. Ukiacha sentimita 40 kwa kubana matumizi, sakafu ya chini itakupasukia msimu wa pili wa mvua, na nyufa hizo zitafuata bomba za maji. Udongo mwekundu wa Westlands na Gigiri ni mtulivu zaidi, lakini nao upimwe. Tabaka la juu lenye rutuba lirundikwe pembeni, lundo lisizidi mita 2, maana utalihitaji bustanini.

Kama mto unapita karibu, eneo la kando ya mto lisilojengwa huhesabiwa kati ya mita 6 na 30 kutoka ukingoni. Jiwekee mita 30. Baadhi ya majengo ya kando ya mito yaliyobomolewa jijini mwaka 2018 yalikuwa na michoro iliyopitishwa.

Kwa kuta, mawe ya Ndarugo yaliyokatwa kwa mashine hayahitaji plasta wala rangi nje, na hivyo unaokoa saruji na rangi. Yachague kwa jicho. Loweka vipande kadhaa usiku kucha, uvipige kwa nyundo asubuhi, na linalomeguka kingo lirudi kwenye lori. Saruji ya 42.5 ni ya nguzo, mihimili na slebu. Ya 32.5 yenye pozolana (majivu ya volkeno) ni ya kujengea mawe na kupiga plasta, na hakuna haja ya kutumia ile ghali kila mahali. Zege limwagiwe maji siku 7 angalau. Linaloachwa likauke lenyewe Januari hupoteza nguvu, kisha mhandisi anaongeza saruji kwenye mchanganyiko unaofuata kufidia uzembe wa mpira wa maji.

Mhandisi wa miundo aulizwe swali moja mapema: nafasi kati ya nguzo inaweza kuwa mita ngapi bila kunenepesha slebu? Nafasi za mita 6 hadi 7.5 hutumia zege pungufu sana kuliko zile za mita 9 ambazo huwekwa ili magari yapange vizuri chini. Umeshapunguza magari, basi vuna faida yake.

Umeme: tenganisha nyaya kwanza

Kilowati 1 ya paneli inahitaji mita za mraba 5 hivi na hapa hutoa karibu yuniti (kilowati-saa) 1,400 kwa mwaka. Paa zetu tatu zinabeba kilowati 200 bila kubanana, yaani yuniti 280,000 hivi. Karibu na ikweta paneli zingeweza kulala bapa, lakini zipe mwinamo wa digrii 10 ili mvua ioshe vumbi. Kanuni za mwaka 2024 zinaruhusu mfumo usiozidi megawati 1 kupeleka ziada kwenye gridi, ila unarudishiwa nusu tu ya yuniti ulizotoa. Kwa hiyo pima mfumo kwa matumizi ya mchana ya siku za kazi, usijaze paa kwa tamaa.

Jambo linalowashangaza wengi siku stima inapopotea ni kwamba paneli nazo zinazima, jua likiwa kali. Inveta ya kawaida ya gridi, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa matumizi ya jengo, hujizima kwa usalama wa mafundi walio kwenye nyaya. Unahitaji inveta ya mseto yenye betri, au kidhibiti kinachoiunganisha na jenereta bila kusukuma umeme nyuma. Na ili betri isiwe kubwa kama kontena, nyaya za mzigo wa lazima zitenganishwe tangu mwanzo: taa za njia, intaneti, seva, soketi moja kwa kila meza, lifti moja, pampu. Kilowati 30 kwa saa 2 ni yuniti 60, na betri ya yuniti 75 itazibeba bila kuumia. Ukiunganisha kila kitu kwenye ubao mmoja, kukatika kokote kwa stima kutaamsha jenereta kubwa kuwasha birika za chai.

Maji

Panga kwa lita 40 kwa mtu kwa siku. Watu 420 kwa siku 250 za kazi ni lita milioni 4.2 kwa mwaka. Paa za mita za mraba 1,755, kwa mvua ya milimita 900 na upotevu wa asilimia 20, zinakupa lita milioni 1.26. Mvua peke yake haitoshi, na anayekuahidi vinginevyo anakuuzia tangi. Inatosha kwa vyoo na bustani. Tangi la lita 150,000 chini ya ua litashika mvua nzito ya siku mbili. Tangi la pili, la maji ya kunywa ya kampuni ya jiji, liwe la siku nne kwa sababu ya mgao. Bomba za mifumo hiyo miwili zisikutane popote na ziwe za rangi tofauti, maana fundi wa miaka mitano baadaye hatakuwa na michoro.

Kisima ni cha akiba. Kinahitaji idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na maji ya visima vingi vya Nairobi yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidiwe. Yapime kabla ya mtu kuyanywa.

Vyoo viwe vya mivuto miwili, wa lita 3 na wa lita 6, mifereji ya jikoni ipitie mtego wa mafuta unaosafishwa kila wiki. Mtego ukisahaulika, mtambo wa kusafisha maji taka hunuka ndani ya mwezi mmoja na lawama zote huenda kwa mtambo.

Geti, kantini, choo

Kwenye mageti mengi ya ofisi, saa mbili kasorobo asubuhi utaona waliotembea wamejipanga kwenye ukingo wa barabara, mkoba mkononi, wakisubiri askari amalize kupitisha kioo chini ya gari la bosi ndipo awakague wao. Geti la waenda kwa miguu liwe tofauti, lielekee upande wa steji, liwe na paa la mita 6 na ukaguzi ndani ya mpaka ili foleni isisimame barabarani. Kizuizi cha magari nacho kirudi ndani mita 15. Weka kando ya geti kivuli cha boda boda sita. Watasimama hapo hata usipowawekea.

Kantini iuze chakula ambacho msafishaji anamudu: githeri, chapati maharagwe, ugali na sukuma wiki. Kama kuna vibanda nje, ongea na kaunti na wenyewe, uwape sakafu, maji na pipa la taka badala ya seng'enge. Nusu ya wafanyakazi wako watakula huko hata hivyo.

Mteremko wa viti vya magurudumu uwe 1 kwa 12, milango upana wa sentimita 90, na choo kimoja kwa kila orofa chenye nafasi ya kugeuka ya mita 1.5. Wanawake 15 kwa choo kimoja, kila kimoja kiwe na pipa la sodo. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri kuweka chumba cha kunyonyesha. Mita za mraba 8 zatosha, kufuli ya ndani, sinki, friji ndogo na kiti cha maana, na kisiwe kona ya choo. Madereva wapewe chumba, askari kiti na choo cha karibu. Kabla ya kung'oa mti wowote, uchorwe kwenye ramani na uzungushiwe uzio hadi matawi yanapoishia. Mkinduri au muringa mkubwa ulioachwa hai unatoa kivuli leo. Mche utahitaji muongo mzima kukitoa.

Vibali, kandarasi na mwaka wa kwanza

Leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira), michoro kupitishwa na Kaunti ya Jiji na usajili wa NCA (mamlaka ya ujenzi) vije kabla ya kuchimba. Karibu na viwanja vya ndege vya Wilson au JKIA, ulizia urefu kwa mamlaka ya usafiri wa anga. Kanuni ya Taifa ya Ujenzi ya 2024 ndiyo ya kufuatwa. Ukitaka cheti cha jengo la kijani, mfumo wa EDGE unadai akiba ya angalau asilimia 20 katika nishati, maji na athari ya vifaa vya ujenzi, na jengo lililopangwa kama hapa halitahangaika sana kuifikia.

Bei zikipanda, mkadiriaji wa gharama atapendekeza kukata vitu, na vya kwanza huwa vilevile: kingo za kivuli, madirisha yanayofunguka, tangi la mvua. Viandikwe kwenye kandarasi kama vitu visivyoguswa bila saini ya mteja. Kabla ya kuagiza madirisha yote, mkandarasi ajenge chumba kimoja kamili cha sampuli, dirisha, kingo, dari na meza, na watu wanne wafanyie kazi humo wiki mbili. Bawaba inayogonga nguzo itaonekana hapo, ikiwa bado ni moja.

Kipindi cha kurekebisha kasoro kiwe miezi 12, si 6, ili jengo lipitie masika, vuli, joto la Februari na baridi ya Julai mkandarasi akiwa bado anadaiwa. Weka mita ndogo ya umeme kwa kila orofa, jikoni, pampu na seva, zisomwe kila wiki. Angalia hasa saa nane usiku. Mzigo wa wakati huo ukizidi robo ya ule wa mchana, kuna kitu kimeachwa kikifanya kazi, na mara nyingi ni pampu yenye swichi mbovu, birika kubwa la kantini, au kiyoyozi cha chumba cha seva kilichowekwa digrii 18. Kipandishe hadi 24, usome tena wiki ijayo.